Mgonjwa wa Msanani na Mgonjwa wa Ndani

Baba alipopatwa na kiharusi tulimtandikia msanani, ukumbi wa mbele, maana ndiko upepo wa uani unakofika na ndiko wageni wanakoweza kukaa bila kuingilia watu wa nyumbani. Wakati huohuo ndugu yangu mdogo alikuwa amelala chumba cha ndani kabisa, mlango umerudishwa, jasho linamtoka na huku anatetemeka kwa baridi. Arosto, maumivu ya kukosa unga wa heroini, ilikuwa imemshika. Nyumba moja ya Lamu, wagonjwa wawili, na mimi nikienda huku na huku na bakuli la uji.

Kumtazama mgonjwa ni jambo ambalo watu wa kwetu hawalifanyii uvivu. Walikuja asubuhi na baada ya laasiri, na mikate ya mofa, na asali, na noti iliyokunjwa ikasukumizwa chini ya mto bila neno. Waliketi, wakanywa kahawa, wakamshika baba mkono ule uliokufa na kumwambia: "Ugua pole, fundi. Huu ni mtihani. Mola humjaribu ampendaye." Kisha wakati wa kuaga, viatu vikitafutwa dakani, pale mlangoni, sauti ilishuka na kidevu kikaelekea ndani. "Na yule je? Mwombeeni dua. Lakini yale ni malipo, mwanangu. Amejitakia."

Nafundisha Kiswahili sekondari. Swali la kwa nini mja anapatwa na mabaya nimelifundisha mara nyingi kama dhamira katika tenzi na riwaya, nikawaachia wanafunzi wabishane mpaka kengele ilie. Darasani lina pande mbili. Kwetu lilikuwa na vyumba viwili, na kila mgeni alijua bila kufikiri chumba kipi kipewe jibu gani.

Sasa niseme habari za baba, ambazo wageni hawakutaka kuzisikia. Alikuwa na presha. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba tembe zile ni za kila siku, za maisha, na apunguze chumvi. Alizimeza kwa muda, akajiona mzima, akaziacha. "Sina kinachoniuma," alisema, "nimeze dawa ya nini?" Ndiyo hila ya presha: haiumi. Mtu hula ng'onda wake, samaki mkavu wa chumvi, huchonga mlango wake, hupanda ngazi za msikiti bila kutweta, na ndani mshipa unachakaa, mpaka asubuhi moja anashika kikombe na kikombe kinaanguka. Presha isiyotibiwa ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kiharusi. Tembe za baba zilibaki kwenye kopo la maziwa juu ya rafu, zimejaa karibu kama alivyozinunua.

Na habari za ndugu yangu. Alikuwa kijana wa mashua, akiwachukua watalii Manda na Matondoni, akiwapikia samaki wa kupaka mchangani. Mwaka 2011 wageni walitekwa katika visiwa vyetu, na biashara ikapungua. Mwaka 2014 Mpeketoni, mji wa bara wa kaunti yetu, ikavamiwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, ikafuata kafyu, na kuvua usiku kukapigwa marufuku. Mashua yao ikalala juu ya mchanga, nao wakalala maskani. Huko ndiko alikoonjeshwa unga, kwanza bure. Sisemi kafyu ndiyo iliyompa kete ya unga mkononi. Wenzake wengine walikaa maskani hiyohiyo na hawakuigusa. Nasema tu kwamba alipoingia hakuwa na pa kwenda asubuhi.

Ubaya alioufanya naujua kuliko wageni wote. Aliuza patasi za baba. Nazo hazikuwa patasi za dukani tu. Nyingine zilitoka kwa babu, mipini yake imelainika kwa viganja vya watu wawili mpaka imeingia shimo pale kidole gumba kinapokaa. Zilikuwa zimepangwa ndani ya kitambaa kwa ukubwa, kuanzia ya kuchimbia ua la katikati mpaka ile nyembamba ya kupitia ukingo. Alizitoa moja moja, ndogo kwanza, ili kitambaa kisionekane kimelegea. Siku baba alipokifungua alikuta vipande vya mbao vimekatwa kwa kipimo na kusokomezwa mahali pake. Kazi safi ya mkono. Mtoto wa fundi. Hakupiga kelele. Alikikunja kitambaa akakirudisha sandukuni, na hatukujua mpaka wiki iliyofuata alipokwenda kuazima patasi kwa mtu.

Kwa hiyo sidai kwamba ndugu yangu alikuwa malaika aliyesingiziwa. Wizi ni wizi. Ninachouliza ni hiki: yule aliyeacha tembe alijua, na aliyevuta unga alijua. Mmoja alitaka raha ya kutokumbushwa ugonjwa, mwingine raha ya kusahau uvivu wa siku. Wote wawili walionywa na wote wawili mwili ukawageuka. Kwa nini mmoja apewe asali na mwingine apewe kidevu?

Jibu la mji lilitolewa waziwazi na ami yetu mmoja, mtu wa safu ya kwanza msikitini, mwenye sauti. Aliketi kando ya kitanda akasema baba amekauka mkono kwa fedheha ya kuibiwa na mwanawe. Kwamba Mola amemwonyesha mtoto matokeo ya uasi wake kwa kumtesa mzazi mbele yake. Yaani hata kiharusi cha baba kikawekwa kwenye hesabu ya chumba cha ndani. Nilikwenda kwenye rafu nikalichukua lile kopo, nikalifunua, nikaliweka kwenye sinia kando ya kahawa yake. "Ami," nikamwambia, "hizi ndizo tembe za presha ambazo baba hakuzimeza. Daktari anasema ndizo." Alizitazama. Akanywa kahawa yake, akasema kila jambo lina sababu na juu ya sababu iko Qudra, jambo ambalo ni kweli na halikuwa jibu.

Usiku ule nilianza kurudia visa vya Ayubu. Kwetu Ayubu si mgeni. Upo utendi wake wa kale, na mama alikuwa akitusimulia kisa Ramadhani tukisubiri daku. Katika masimulizi ya wazee, watu wa mji walimchoka kwa vidonda vyake wakamtoa nje, akawekwa jaani, na mkewe akawa anafanya kazi kwenye nyumba za watu apate chakula cha kumlisha. Tulipokuwa wadogo tulimlilia Ayubu. Nilipokuwa mkubwa, na uji umenimwagikia kwenye leso, nikajikuta namfikiria mke, na zaidi yake wale waliombeba mpaka jaani. Lazima walikuwa na maneno walipokuwa wanambeba. Hakuna anayemtoa jirani nje bila kwanza kumtafutia kosa.

Maneno hayo yameandikwa kwenye Biblia. Mwalimu mwenzangu Mkristo aliniazima yake. Rafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipofika waliketi naye chini siku saba mchana na usiku wasiseme kitu, kwa kuwa waliona msiba wake ni mkubwa mno. Laiti wangeishia hapo. Walipofungua vinywa walijaza sura nyingi wakimthibitishia kwamba haiwezekani mtu asiye na hatia kupatwa hivi, atubu tu. Maneno yao ni mazuri, na hili ndilo linalotisha; ukiyasoma bila kujua nani anasema utayabandika ukutani. Mwishoni Mungu anamgeukia Elifazi na kumwambia amemkasirikia yeye na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Na Ayubu alikuwa amenena nini? Alilalamika kitabu kizima, akailaani mpaka siku aliyozaliwa.

Katika Qur'ani kisa ni kifupi sana. Ayubu anamwita Mola wake: dhara imenigusa, nawe ni mwenye kurehemu kuliko wote wanaorehemu. Katika Sura ya Swad anasema Shetani amemfikia kwa taabu na adhabu. Anaambiwa apige mguu chini, maji baridi yatoke, aoge na anywe. Kisha anasifiwa kwamba alikutwa ni mwenye subira. Hapo nilisimama. Mtu ametaja maumivu yake kwa mdomo wake, na bado ameandikwa miongoni mwa wanaosubiri. Lakini mama yangu alipolia, mwanamke mmoja alimwambia anyamaze asije akapunguza thawabu zake. Nilimjibu yule mama, kwa heshima, kwamba Nabii Yaakubu alimlilia mwanawe mpaka macho yakageuka meupe. Akasema hayo ni ya mitume. Labda. Basi sisi tusio mitume tutazuiaje machozi ambayo mtume hakuyazuia?

Ndugu yangu alisikia mengi kupitia mlango ule. Siku moja nilipompelekea chai aliniuliza, "Dada, baba anaumwa, mimi nimelaaniwa, sivyo?" Nikamsimulia kisa nilichokisoma cha Basra, mwanzoni mwa karne ya 10. Husimuliwa kwamba Abul-Hasan al-Ash'ari alimwendea mwalimu wake al-Jubbai, mkuu wa Mu'tazila, waliofundisha kwamba uadilifu wa Mungu unamlazimu kumfanyia mja lililo bora. Akamuuliza juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mcha Mungu, wa pili alikufa kafiri, wa tatu alikufa mtoto. Mwalimu akajibu: wa kwanza ana daraja peponi, wa pili yuko motoni, mtoto amesalimika lakini hana daraja. Al-Ash'ari akasema: mtoto akilalamika, "Mola wangu, mbona hukuniacha nikue nikutii?" Mwalimu akasema ataambiwa, "Nilijua ungekua ungeasi, nikakuchukua kwa maslahi yako." Hapo al-Ash'ari akauliza: na yule wa motoni akipaza sauti, "Uliyajua na yangu, mbona hukunichukua mdogo?" Mwalimu hakuwa na neno.

Wanazuoni hukitumia kisa hiki kuonyesha kwa nini al-Ash'ari aliachana na mwalimu wake. Ndugu yangu hakujali madhehebu. Alicheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu, akasema, "Yule wa motoni ndiye mimi. Swali lake zuri." Nami nikaona faida ya falsafa ambayo sikuwahi kuiona chuoni: haikumpa jibu, ila ilimweka kwenye meza moja na watu wenye akili, badala ya chumba peke yake na aibu.

Yule mwalimu mwenzangu akanitajia pia riwaya ya Albert Camus ya mwaka 1947, La Peste, juu ya tauni inayoufunga mji wa Oran huko Algeria. Yumo padri, Paneloux, ambaye mwanzo anapanda mimbari na kuwaambia watu kwamba msiba umewapata na wanaustahili. Baadaye anajiunga na wanaohudumia wagonjwa, anakesha kando ya mtoto anayekufa kwa uchungu mrefu, na anapohutubu tena hasemi "ninyi", anasema "sisi". Nafasi ya kuhutubu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba amekaa usiku chumbani.

Jambo hilo lilinirudisha kwenye Al-Inkishafi. Ni utenzi ambao mji wetu umeutumia vibaya, nadhani. Kila kijana akiharibika mzee mmoja atatoa beti za magofu ya Pate, mji wa kale jirani yetu: nyumba zao mbake ziwele tame, makinda ya popo iyu wengeme, yaani nyumba zao zimekuwa mahame na makinda ya popo yananing'inia juu. Hutolewa kwa kumwelekezea mtu kidole: haya ndiyo mwisho wenu. Lakini mtunzi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, haanzi kwa kuwasema watu wa Pate. Anauita moyo wake mwenyewe, "moyo wangu", anauuliza kwa nini hauamki, na magofu anauonyesha huo moyo. Wale matajiri waliolala vumbini anawahurumia kwa wasifu mrefu wa raha zao, taa zao na mito yao ya kulalia. Hakuna pahali anapoketi kando ya kitanda cha mtu akamhesabia. Wanafunzi wangu sasa nawapa beti za kuuita moyo wazikariri kabla ya zile za popo.

Alikuja pia mwalimu wa chuo cha mtaani kumwandikia baba kombe. Ni mtu mfupi, hasemi sana. Alileta zafarani yake kwenye kichupa, akaichanganya na marashi mawaridi, akaomba sahani nyeupe isiyo na ua. Kalamu ya ubua aliichonga upya palepale. Aliandika aya za shifaa kwa kuzungusha, kutoka ukingoni kuja katikati, rangi ya manjano ikikauka nyuma ya mkono wake, na baba akimtazama mkono jinsi fundi anavyomtazama fundi. Mama alitoka jikoni na sahani ya pili, akaiweka mkekani. Mwalimu akauliza, "Ya nani?" Mama akasema, "Ya mwanangu." Sebule nzima ikanyamaza; alikuwepo ami pia. Mwalimu akaivuta sahani, akaipangusa kwa kitambaa, akachovya, akaandika aya zilezile kwa mwandiko uleule, wala hakuharakisha. Alipomaliza akasema, "Waoshe kwa maji ya mvua, wote wawili, wanywe kwa bismillahi." Akachukua kahawa yake.

Kombe halikuurudisha mkono wa baba. Na ndugu yangu alikunywa, akashukuru, na usiku akaruka ukuta kwenda kutafuta kete. Naliandika hili kwa sababu najua kuna watakaosubiri niseme alipona palepale. Hakupona. Lakini tangu siku ile mama hakurudisha mlango wa ndani tena, na chai ya wageni ikawa inamiminwa na kwake.

Tiba tuliipata Malindi. Tangu 2015 hospitali ya pale imekuwa ikitoa methadoni. Ni dawa ya jamii moja na heroini, ila hukaa mwilini kwa takriban siku nzima. Humzuilia mtu arosto bila kumlevya, akipewa kwa kipimo chake, naye hupata akili ya kufanya kazi. Aliinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kila siku maana yake ilikuwa kwamba mtu wa Lamu hakuweza kwenda na kurudi. Ilibidi ahamie kwa mama mdogo, mtaa wa Shela (ya Malindi, si yetu). Tulivuka na boti mpaka Mokowe, tukapanda basi la Witu na Garsen, askari wa kusindikiza mbele. Alitapika mpaka Minjila. Mwanamke wa kiti cha pili alitoa ndimu kwenye mkoba wake akanipa bila kuuliza anaumwa nini, na nilimwombea dua ambayo sijawahi kuwaombea wageni wetu wa mofa.

Wapo waliosema methadoni ni kubadilisha unga kwa unga. Shekhe mmoja alitwambia ni haramu kwa kuwa inafanana; mwingine akasema dawa anayoitoa tabibu kwa dharura si sawa na ulevi. Mimi niliangalia mtu anayeamka alfajiri, anaswali, anakunywa kikombe chake, anakwenda kupara samaki wa watu, na kutuma fedha za uji wa baba. Aliteleza mara moja, kwa wiki kadhaa. Akarudi. Kliniki haikumfukuza, na hilo nalo lilinifunza kitu kuhusu toba kuliko hotuba nyingi nilizozisikia.

Baba alifariki mwaka uliofuata, kwa kiharusi cha pili. Ndugu yangu alikuja kuzika. Kwenye hitima watu walimpa mkono, wengine kwa moyo, wengine kwa kuwa tu mkono ulikuwa mbele yao.

Kisha ukaja uvumi juu ya kijana wa ami. Anaonekana maskani. Amekonda. Jirani alinijia jikoni akaninong'oneza, uso umemnawiri: "Unaona? Yamemrudia." Yalikuwa maneno matamu kuyasikia, sikatai. Yote yalikuwa tayari, ningeongeza tu kidevu changu. Nikamwambia jirani kwamba kijana yule nilimfundisha, alikuwa hodari wa ushairi, na kwamba sufuria inaungua.

Ami mwenyewe alikuja baada ya magharibi, akasimama dakani, hakutaka kuingia.

"Mwanangu, ile kliniki ya nduguyo. Huingiwaje?"

Nikamweleza. Kwanza vikao na vipimo, kisha ndipo huanzishwa dawa, kitambulisho asisahau, mahali pa kukaa wakatafute mapema kwa kuwa haitakuwa kwa wiki moja. Nikamwandikia namba ya ndugu yangu, atawapokea stendi.

"Atakwenda peke yake?"

"Hapana, ami. Aliye kwenye arosto hafiki Garsen, atashuka njiani. Na kule watataka mtu wa nyumbani. Nenda naye wewe."

Akasema magoti yake mabovu na basi lile linarusha. Nikamwambia akate viti vya mbele, si vya nyuma juu ya gurudumu, na achukue ndimu.